Kumwitikia Mungu

(Soma 1 Samweli 3, 1–10 na Mathayo 21, 28–32)

Mwezi huu twataka kulifikiri pamoja nanyi neno moja dogo, ambalo kila mtu hulisema mara nyingi kwa siku wala halihesabu. Ni neno la kuitikia. Baba amwita mwanawe aliye shambani, naye hujibu, "Naam!" Mama amwita binti yake, naye hujibu, "Abee!" Mtoto hajui bado anaitiwa nini: labda ni kuchota maji, labda ni kula, labda ni kukaripiwa. Hata hivyo hujibu kwanza, ndipo huenda kusikia. Nao wazee wametuachia mithali isemayo: Usikatae wito, kataa neno. Maana yake, ukiitwa, itika uende. Ukiisha kulisikia neno lenyewe, nawe ukaona si jema, waweza kulikataa. Lakini asiyeitika kabisa amemvunjia heshima yake yule amwitaye.

Basi twauliza: Je, Mungu naye huitikiwa vivyo hivyo? Mtu akisema, "Naam, Bwana," amejifunga kwa jambo gani? Tena atajuaje kwamba naam yake ni ya kweli, wala si sauti tu?

Sisi tukaao katika milima ya Usambara tumepewa fundisho na nchi yetu yenyewe. Nyumba zetu zi juu ya migongo ya vilima, na mabonde yako katikati. Mtu husimama penye ukingo wa kilima chake, akaita, na mwenziwe aliye kilima cha pili humsikia na kujibu. Sauti huvuka bonde kwa kufumba na kufumbua. Lakini mwenye kuitwa akitaka kufika, yampasa kushuka katika migomba mpaka mtoni, kuvuka maji, kisha kupanda kwa njia ya utelezi; na safari hiyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ulimi umekwisha kufika zamani, na miguu bado haijaanza. Kati ya kuitika na kufika kuna bonde.

Hayo hatuyasemi kama watu wasio na deni. Wakati mmoja mzee wa usharika alikuwa mgonjwa ng'ambo ya bonde. Jioni mjukuu wake akasimama ukingoni, akatuita, akasema, "Babu aomba mje mmsomee." Tukajibu kwa sauti kubwa, "Naam, kesho tutakuja." Kesho yake mvua ikanyesha. Siku ya pili kulikuwa na mkutano. Siku ya tatu tukasema, Heri tungoje hata baada ya ibada ya Jumapili, ndipo tutapata nafasi ya kukaa naye. Jumamosi asubuhi tukasikia vilio kutoka ng'ambo. Tuliposhuka na kupanda, tulikuta vijana wanachimba kaburi. Hapana aliyetukemea. Mjukuu alitupokea mfuko wetu wa vitabu, akatuambia tu, "Babu alikuwa akiuliza kila jioni kama mmekwisha kufika mtoni." Tangu siku ile neno "naam" limekuwa zito kinywani mwetu.

Tukijichunguza, twaona ya kuwa ziko naam za namna nyingi. Iko naam ya adabu. Kwetu si desturi kumwambia mgeni au mkubwa "La" mbele ya uso wake. Twasema "Naam" ili asiondoke na uchungu, na baadaye twafanya tulivyotaka tangu mwanzo. Iko naam ya faida: mtu huitikia kwa sababu ya shule, au kazi, au arusi ya kanisani, au jina jema kati ya majirani. Tena iko naam ya hofu. Zote tatu husikika sawasawa masikioni mwa watu. Hata mwenye kuzitamka mara nyingi hawezi kuzipambanua.

Naam ya hofu wazee wetu waliijua sana. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye mpango huo ukaenezwa mahali pengine katika Usambara. Shabaha yake haikuwa mbaya, kwa maana miteremko ni mikali, watu walikuwa wamezidi, na mvua ilikuwa ikichukua udongo mpaka mitoni. Watu wakaamriwa kulima matuta katika mashamba yao, na asiyetii aliweza kuadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama ambao ndio waliolima chakula. Wengi waliitika, "Ndiyo, bwana," mbele ya msimamizi, na mioyoni mwao walisema neno lingine. Manung'uniko yakazidi, hata mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa, na watu wakayaacha matuta. Wazee wetu hatuwahukumu. Waliamriwa neno zito wasilolikubali. Lakini tujifunze hili: naam iliyotolewa kwa sababu ya fimbo hudumu maadamu mwenye fimbo yupo. Akiondoka yeye, nayo huondoka. Paka akiondoka, panya hutawala.

Sasa tutazame jambo lingine lililotokea katika milima hiyo hiyo. Mwaka 1891 wamisionari Paul Wohlrab na Ernst Johanssen walifika Mlalo kuanza kazi ya Injili. Baadaye vituo vingine vikafuata, Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Watu wakafundishwa, wakabatizwa, na kila mmoja alisema naam yake mbele ya mmisionari. Asiyeamini aliweza kusema, "Hawa wamewaitikia Wazungu. Wamependa kalamu na nguo, Mungu hawakumwitikia." Nani angeweza kumjibu? Labda hata waliobatizwa wenyewe hawakujua yaliyomo ndani ya mioyo yao, kwa kuwa wakati ule aliyemwitikia Mungu na aliyemwitikia mmisionari walipita njia moja, wakaingia mlango mmoja, wakaketi benchi moja.

Ndipo ilipokuja vita kuu ya 1914 hata 1918. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Usambara, na hata kufika mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa katika nchi. Msaada wa ng'ambo ukakatika. Hakuwako tena bwana wa kuangalia nani ameingia kanisani na nani amelala nyumbani. Hapo kila naam ikapimwa. Ilikuwa wazi kabisa kwamba sasa mtu angeweza kurudi alikotoka, wala asingetozwa kitu wala kuona haya mbele ya mgeni.

Wakabaki walimu na wazee, na kengele, na kitabu, na watu. Bila shaka wako waliorudi nyuma, kama ilivyo kila mahali penye kujaribiwa. Lakini wamisionari wa Betheli walipoanza kurudi katika miaka ya 1920, hawakukuta magofu. Walikuta sharika zi hai. Neno la Mungu lilikuwa limesomwa, na watu walikuwa wamekusanyika Jumapili kwa Jumapili, bila jicho la Mzungu kuwatazama. Jambo la namna hiyo likaja tena katika vita ya 1939 hata 1945, Wajerumani walipoondolewa mara ya pili. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganika makanisa saba, lina mizizi yake pia katika miaka ile ya upweke.

Tukiweka mambo haya mawili pamoja, matuta yaliyoachwa na kengele zilizoendelea kulia, twapata jibu la swali letu. Naam iliyoambiwa Mungu hujulikana siku ile mtu aliyeisikia anapoondoka. Mwalimu wako akihamishwa, mama yako mcha Mungu akifa, rafiki aliyekuwa akikupitia Jumapili asubuhi akihamia Tanga au Dar es Salaam, ndipo utakapojua ulikuwa ukimwitikia nani.

Hapo sisi tufundishao twapaswa kuogopa kidogo. Kijana Samweli aliitwa usiku katika hekalu. Akaamka, akamkimbilia Eli, kwa maana sauti ya Mungu na sauti ya mwalimu wake bado hakuweza kuzipambanua. Mara tatu alikwenda kwa Eli. Eli alikuwa mzee mwenye makosa mengi. Wanawe aliwashindwa, na macho yake yalikuwa yameingia giza. Lakini usiku ule alitenda jambo moja kubwa: hakuipokea naam isiyokuwa yake. Angeweza kumwambia mtoto, "Vema, umekuja, niletee maji." Badala yake alimrudisha akalale, akamfundisha maneno ya kumjibu Bwana mwenyewe. Ewe mwalimu wa ubatizo, ewe mzee wa usharika, watu wangapi wamekukimbilia usiku wakidhani wewe ndiwe uliyewaita? Umewarudisha kwa Bwana, au umewaweka wakutumikie? Ni wizi mkubwa kuchukua utii ambao Mungu alimwomba mtu, na kuufanya uwe utii kwetu. Tena ni hatari kumwambia mtu, "Mungu akuita," na kumbe ni sisi tumwitao kwa kazi zetu. Mtu akitukatalia sisi, tusifanye haraka kusema kwamba amemkataa Mungu.

Vilevile hapana awezaye kumwitikia Mungu badala ya mwingine. Mwaka 1848 Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri, akarudi tena mwaka 1852, naye mfalme alimpokea na kukubali walimu waje. Neno la Kimweri lilikuwa kubwa, kwa maana nchi yote ya Usambara ilikuwa mkononi mwake. Lakini mfalme aliweza kumpa mgeni mahali pa kukaa tu. Hakuweza kuamini badala ya mtumwa mmoja katika nyumba yake. Ndivyo ilivyo hata leo: mume haamini badala ya mkewe, wala mchungaji badala ya usharika. Wazazi na wadhamini huitika penye ubatizo wa mtoto mchanga, nao hufanya vema. Lakini wameahidi kumlea mtoto hata aweze kuinuka siku ya kipaimara na kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Ahadi ni deni, na deni hilo wazazi wengi hawajalilipa.

Tena twaulizwa: Je, aliyesema naam hawezi tena kuuliza neno? Je, Mungu ataka watu wa kuinamisha vichwa na kunyamaza? Turudi kwa mithali yetu. Kwa wanadamu wito ni jambo moja na neno ni jambo la pili. Waweza kupokea la kwanza na kukataa la pili, kwa kuwa mwanadamu aweza kukuita kwa neno baya. Mungu haiti kwa neno baya. Lakini twaona katika Maandiko ya kuwa huwavumilia watu wabishao. Musa aliitika upesi alipoitwa katika kijiti kiwakacho moto, lakini aliposikia neno lenyewe alilikataa mara nyingi: yeye ni nani, watu hawatamwamini, ulimi wake ni mzito, heri atumwe mwingine. Mungu alimkasirikia, hata hivyo hakumwacha. Alimpa nduguye Haruni awe kinywa chake. Maria aliuliza kwanza itakuwaje, ndipo akajitoa. Bwana Yesu mwenyewe huko Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, kisha akajiweka mikononi mwa Baba.

Na Yona je? Yona hakubisha hata neno moja. Aliondoka kimya, akashuka pwani, akalipa nauli, akapanda jahazi iendayo upande mwingine. Tofauti ya Musa na Yona ndiyo hiyo: Musa alibisha amesimama mbele za Mungu, na Yona alikimbia amenyamaza. Katika sharika zetu akina Yona ni wengi kuliko akina Musa. Hawasemi "La" kamwe. Huimba vizuri, husema Amina kwa sauti, na kumbe nauli wamekwisha kulipa. Ndugu mpendwa, ni heri kusimama mbele za Mungu ukilia kwamba neno lake ni zito, kuliko kumwitikia kwa adabu na kumpa kisogo.

Kwa hiyo Bwana Yesu aliwaambia wakuu mfano wa baba na wanawe wawili. Wa kwanza alikataa kwenda katika shamba la mizabibu, baadaye akajuta, akaenda. Wa pili alijibu kwa heshima zote, wala hakwenda. Bwana hakuuliza ni nani aliyejibu vizuri. Aliuliza ni nani aliyeyafanya mapenzi ya babaye. Mfano huu ni mkali kwa wenye midomo ya utii, lakini una faraja kubwa kwa aliyekwisha kusema "La". Mlango wa shamba ulikuwa bado wazi. Aliyekataa asubuhi aliweza kwenda mchana.

Labda msomaji mmoja ameinamisha kichwa, asema, "Mimi nimejipima, nami naona naam yangu ni ya adabu na ya hofu. Sina nyingine." Ndugu, karibu, ndivyo tulivyo sisi sote. Katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa mwaka 1529, Martin Luther alitufundisha kukiri kwamba kwa akili zetu na nguvu zetu hatuwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia. Roho Mtakatifu ndiye atuitaye kwa Injili. Hapana mtu aitikaye asipoitwa kwanza. Mtu asimamaye ukingoni peke yake na kupaza sauti, "Naam! Naam!" bila kuitwa, twamhurumia kwamba akili zimempotea. Naam ni neno la pili siku zote. La kwanza ni la yeye aitaye. Tena mtume Paulo awaambia Wakorintho katika waraka wa pili, sura ya kwanza, ya kwamba katika Kristo hamkuwa ndiyo na siyo pamoja. Ahadi zote za Mungu zimepata ndiyo yao katika yeye. Mungu alituitikia kabla hatujamwitikia. Siku ya ubatizo wetu, wengi tukiwa wachanga tusiojua hata jina letu, yeye alisema ndiyo juu yetu. Wala yeye hakukawia ng'ambo akingoja mvua ikome. Alishuka bondeni mwenyewe, akavuka maji ya mauti, akapanda upande wetu. Nguvu ya naam yetu ni hiyo tu. Nasi tusemapo Amina mwishoni mwa sala, Luther alitueleza, ni kusema kwa hakika kwamba ndivyo itakavyokuwa, kwa kuwa Mungu mwenyewe ameagiza tuombe na kuahidi kutusikia.

Wala mtu asidhani kwamba naam hiyo yangoja siku kubwa. Wako walioitwa kwenda mbali: mwaka 1907 Wakristo wa Usambara waliacha mashamba yao, wakafuatana na Johanssen kwenda Ruanda kati ya watu wa lugha nyingine. Lakini wengi wetu twaitwa penye mpaka wa shamba, tulipousogeza hatua mbili usiku. Twaitwa kwa ndugu tusiyesema naye tangu mazishi ya baba. Twaitwa kwa mgonjwa anukaye. Huko Lutindi, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 kuwalea watoto waliookolewa katika utumwa, baadaye walipokelewa watu wagonjwa wa akili. Fikirini kazi ya kumwosha na kumlisha mtu ambaye kesho hatakujua, wala hatakushukuru, wala hatasimulia popote wema wako. Hapo aliyesikia naam yako amekwisha kuondoka, hata akiwa ameketi mbele yako. Abaki Mungu peke yake. Mwenye kuosha hivyo, naam yake haina shaka.

Nasi tuliochelewa kwa yule mzee twafanyaje? Hatuwezi kumsomea tena. Tumemwomba Mungu msamaha kwa ajili ya damu ya Kristo, nasi twaamini tumesamehewa. Lakini deni limebaki kuwa fundisho. Siku hizi tukiitwa kutoka ng'ambo, twajibu kwa sauti ndogo, kisha twatwaa kitabu na fimbo ya kutembelea hapo hapo, kabla moyo haujapata udhuru. Si kila mara twafika upesi. Lakini twapenda yule mgonjwa akiuliza, aambiwe kwamba tumekwisha kuonekana mtoni.

Ndugu, labda hata sasa, usomapo habari hizi, kuna sauti iliyokwisha kukuita mara mbili au tatu, nawe wajua yaitia neno gani. Usimkimbilie Eli tena. Usimjibu Bwana kwa sauti kubwa tu. Mwambie lililo zito, kama Musa. Mwombe akupe Haruni, kama wamhitaji. Kisha ondoka, uanze kushuka. Bwana aliyeita yuko ng'ambo akikungoja, naye yuko pamoja nawe njiani. Yeye atupe sote neema ya kumwitikia kwa ulimi na kwa miguu. Amina.